Rafiki Yako wa Kwanza Kazini Anakaribia Kustaafu

(Maneno niliyosema kwenye mahafali ya wauguzi na wakunga. Nimeyaandika upya na kurudisha yale niliyoyaruka kwa ajili ya muda.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi mliokuja na mashada ya maua na vigelegele, na ninyi wahitimu: naomba niseme itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, hamjambo?

Nimeitwa niwape nasaha za kuanzia kazi. Nasaha mmepewa tele tangu asubuhi: wahini zamu, fueni sare, simu iwe kabatini, rushwa mwiko. Zote ni za kweli na sina cha kuongeza. Mimi nitazungumzia mtu mmoja tu, ambaye hayumo kwenye mtaala wenu. Mtamkuta siku ya kuripoti. Miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, saa imebanwa kifuani kwa pini, viatu vimeshachukua umbo la miguu yake, na mfukoni ana kalamu nyekundu na ya bluu ambazo haazimi mtu. Atakuangalia kuanzia viatu mpaka nywele, ataitikia "marahaba", kisha atarudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Huyo ndiye ninayetaka awe rafiki yenu wa kwanza. Na muda mlio nao ni mchache, kwa sababu utumishi wa umma unamruhusu kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55 na unamtoa kwa lazima akifika 60.

Sikuja kuwaambia mumheshimu. Hilo mlifundishwa nyumbani kabla ya kujua kusoma. Ninachokiona wodini ni kwamba heshima yetu mara nyingi ndiyo inayotutenga naye. Kijana anaingia zamu, anainama kidogo, "shikamoo mama", anaitikiwa, basi. Mpaka kunakucha hawajasemezana lolote isipokuwa "nipe mkasi" na "andika". Kila mmoja ametimiza wajibu wake wa adabu. Kijana akifika hosteli anasema mama yule mkali. Mama akifika nyumbani anasema watoto wa siku hizi hawana mpango. Na katikati yao usiku ule alikuwa amelala mjamzito aliyewahitaji wote wawili.

Umbali huu wa umri una historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi, na majengo hayo yalihitaji watu. Miaka ya 1970 wakaanza kufundishwa wasichana waliomaliza shule ya msingi, kazi yao ikiwa afya ya mama na mtoto. Wazazi mliopo hapa mnawakumbuka kwa herufi zao, MCHA. Wengine wakaingia vyuo vya uuguzi, wakahitimu, wakapangiwa vituo. Ikaja miaka ya 1990. Serikali ikabana matumizi, na kwa miaka kadhaa ajira mpya za afya zikawa kama hazipo. Waliohitimu kipindi kile wengi wao walitafuta riziki kwingine. Mlango ulipofunguliwa tena miaka ya 2000, na hasa ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, vijana wakaingia kwa mafungu. Ndiyo maana mimi nilipoajiriwa mwaka 2013, katika hospitali moja ya wilaya huku Kaskazini, orodha ya zamu ilikuwa na wanawake waliozidi miaka hamsini na wasichana wasiofika thelathini. Kati yao watu wa kuhesabika. Wodi ilikuwa kama nyumba yenye bibi na wajukuu, kizazi cha katikati hakipo.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na ninaamini hapo ndipo mila zetu zinatuokoa. Mama mzazi unamwogopa. Mambo yako mengi humwambii, na akikukemea unanyamaza. Bibi je? Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu anamjibu kwamba yeye ataoa mwenye meno. Watu wanacheka, hakuna anayesema mtoto kakosa adabu. Pengo kubwa la umri, kwa mila zetu, lina uhuru ambao pengo dogo halina. Sasa angalieni tunavyofanya kazini: mtu aliyetuzidi miaka thelathini tunamfanya mama mkwe.

Tahadhari kidogo kabla hamjapiga makofi. Msimwite bibi! Mwanamke wa miaka hamsini na nne anayesimama usiku kucha akizalisha si bibi yako, na ukimwita hivyo siku ya kwanza utakoma. Mlango wa utani anaufungua yeye. Wewe kazi yako ni kuwa karibu nao siku unapofunguka.

Kwangu, mzee wangu wa zamu aliufungua kwa swali ambalo kila mzee huuliza: "Wewe mtoto wa wapi?" Nikasema Marangu. Akaweka kalamu chini. "Kumbe mtani!" Yeye ni Mpare wa Usangi. Kuanzia dakika ile nikapoteza jina langu nikawa Mchaga, naye akaniambia mbele ya wodi nzima kwamba nikizimia zamu hataita daktari, atadondosha sarafu ya shilingi mia karibu na sikio langu. Mimi nikamwambia nafurahi kufanya kazi na Mpare, nikipoteza kuku nitapata mtu wa kuuza ng'ombe ili kesi ya kuku iendelee. Wajawazito wenyewe walicheka, na mtu aliye kwenye uchungu akicheka ujue umemsaidia.

Najua utani wa makabila siku hizi una watu hawautaki, na wana haki yao. Pima. Lakini kwetu ulikuwa na uzito wake. Nilipofiwa na baba, mama yule alipanda basi akaja Marangu. Akajilaza kwenye njia ya kwenda kaburini, na kanga yake, na miwani yake ya kamba, akasema Mchaga huyu hazikwi mpaka watani walipwe. Wajomba zangu wakatoa noti. Akazihesabu kwa sauti, akasema zimepungua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama yangu kucheka tangu msiba uanze. Wenzangu wengi wa rika langu walinitumia pole kwenye simu, na ninawashukuru.

Lakini msidhani utani peke yake unatosha. Kuna vijana mafundi wa maneno ambao wazee wanawacheka na kuwakwepa. Watu hawa wamefanya kazi maisha yao yote, na wanamsoma mtu kwa anavyoshika kazi. Ukitaka kujua wanakupima wapi, ni wakati wa kukabidhiana zamu. Wengi wetu tunafika ripoti ikiwa katikati, tunasikiliza kwa sikio moja, tunatia sahihi. Yeye alifika mapema, akavua shali, na kabla ya kusikiliza neno la mtu alihesabu. Seti za kuzalishia ngapi zimechemshwa. Mtungi wa oksijeni unasoma ngapi. Ambu, ule mfuko wa kumpa pumzi mtoto asiyepumua, iko wapi, na barakoa ndogo ipo au imekwenda wodi ya watoto. Anafungua friji kuangalia oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, kwa sababu dawa hiyo inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na ikikaa mezani inaharibika huku chupa ikionekana nzima. Akimaliza ndipo anasema, "Haya, semeni." Mimi nilianza kufika mapema na kuhesabu upande wa pili wa chumba. Hatukuambizana. Baada ya muda tukawa tunakutana katikati, yeye anasema "nne", mimi nasema "tatu, moja imefunguliwa". Urafiki wetu ulianzia pale kwenye trei.

Niwape tukio moja, kwa sababu maneno ya jumla hayafundishi mkunga. Mama wa uzazi wa kwanza, njia imeshafunguka yote, anasukuma, kichwa hakishuki. Daktari ameshapigiwa simu, watu wa chumba cha upasuaji wameshaanza kuandaa. Mzee wangu akaingia akitokea kwa mgonjwa mwingine. Hakuuliza sentimita. Aliweka kiganja juu ya nywele za kinena, akabonyeza kidogo, akauliza, "Huyu amekojoa saa ngapi?" Kimya. Ukitazama patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, chini kabisa kuna mstari wa mkojo. Ulikuwa mweupe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akaomba beseni, akavuta pazia, akafungua bomba la sinki maji yatiririke taratibu, akamwambia yule binti, "Mwanangu, sahau mtoto kidogo. Nikojolee." Tukasikia maji mawili yanatiririka. Kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kupita, na baada ya kuzaa kinazuia mfuko wa uzazi kujikaza, na usipojikaza damu haikatiki. Hayo yapo kwenye kitabu chenu, mmeyafanyia mtihani. Mtoto alizaliwa daktari akiwa ananawa mikono.

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini ninamtaka mtu huyu awe karibu. Maarifa yake mengi hata mimi nilikuwa nayo. Tofauti ni kwamba yake yalikuwa mkononi, yalimjia kabla ya kuitwa. Na mtu hawezi kukuhamishia kitu cha namna hiyo kwa semina. Unakaa naye.

Namna ya kumuuliza pia ina ufundi wake. Ukimuuliza "mama, zamani mlifanyaje kazi?", atakupa hotuba: zamani nidhamu ilikuwepo, zamani matron akipita mnasimama. Utasinzia. Muulize kuhusu kitu alichokishika. Mimi nilimwona kila akitoa glavu mpya kwenye boksi anaishika mdomo wake, anaizungusha ijae hewa, anaibana, anaisogeza karibu na shavu. Kisha anaivaa. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Tundu." Miaka ya 1980, aliniambia, glavu hazikutupwa. Zilifuliwa, zikajazwa hewa kutafuta matundu, zikaanikwa kwenye kamba, zikapakwa poda, zikachemshwa tena. Sindano zilikuwa za kioo, nazo zinachemshwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wakagunduliwa Kagera, na habari ikaenea nchi nzima kwamba ugonjwa unakaa kwenye damu. Yeye alikuwa anazalisha kila siku kwa glavu ya kufuliwa. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa bure na serikali kuanzia mwaka 2004. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati, na wenzake wangapi aliwauguza wodini akiwa amevaa sare ileile waliyokuwa wakivaa wao. Aliniambia yote haya akiwa anapanga pamba kwenye bakuli, hakuinua macho. Ningemuuliza juu ya "zamani" asingeniambia.

Vilevile alinifundisha fetoskopu ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ile ya umbo la tarumbeta, aliyoibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Najua mna mashine za kusikilizia moyo wa mtoto, na mnazipenda. Mimi pia nazipenda mpaka umeme unapokatika na betri zikaisha. Yeye alikuwa akiweka sikio kwenye tumbo na wakati huohuo vidole viko kwenye mkono wa mama, anahesabu mapigo mawili kwa pamoja ili asije akamsikia mama akadhani amemsikia mtoto. Anasikiliza dakika nzima, uchungu ukiwa unaachia, maana hapo ndipo mtoto aliyechoka anajisema. Wengi tunasikiliza sekunde kumi na tano, tunazidisha kwa nne, tunaandika 140. Mnacheka, kumbe mmeshaanza mkiwa mazoezini!

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu nikiishia hapa mtadhani nimekuja kuwauzia uongo kwamba wazee wanajua kila kitu. Hawajui. Wapo wanaojaza patografu mama akishazaa, mistari imenyooka mizuri, na ni uongo mtupu. Tabia hiyo tumeirithi, na vijana tunaifanya vizuri kuliko wao. Wapo wanaoongeza njia kwa kila mwenye uzazi wa kwanza kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, ilhali Shirika la Afya Duniani halishauri kuwakata wote kama kawaida. Na lipo suala la mtoto asiyelia. Kizazi chao kilifundishwa kumshika miguu, kumning'iniza kichwa chini na kumpiga kofi. Ninyi mmefundishwa dakika ya dhahabu: mkaushe, msugue mgongo, asipopumua awe kwenye ambu kabla dakika moja haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika. Mafunzo hayo yalizinduliwa mwaka 2010 na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyapokea. Yalipofika hospitalini kwetu waliochaguliwa kwenda walikuwa vijana. Hesabu ya utawala ilikuwa kwamba anayebakiza miaka michache ni hasara kumsomesha. Hesabu ya ajabu. Mtoto anayezaliwa usiku wa leo hajui nani anastaafu lini.

Mngefanya nini? Ungemsahihisha mbele ya wagonjwa? Umempoteza. Ungenyamaza kwa heshima? Umempoteza mtoto. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kabati la mdoli wa mazoezi. Usiku mmoja leba ilitulia, saa nane hivi, kuna chai ya tangawizi ya kwao Upareni kwenye chupa, makande kwenye hotpoti. Nikamtoa mdoli nikaanza kufanya mazoezi peke yangu pale kwenye kaunta. Akanitazama. Akasogeza kikombe. "Lete huyo mtoto wako wa plastiki." Akaweka kidole gumba na cha shahada juu ya barakoa, vidole vitatu chini ya taya bila kukandamiza shingo. Kifua cha mdoli kikapanda mara ya kwanza. Mimi barakoa yangu ilikuwa inapumulia pembeni. "Mchaga, hewa inavuja," akasema. "Ingekuwa hela ungeshaziba." Tukaendelea hivyo zamu nyingi za usiku, tunashindana kwa saa yake ya kifuani, mmoja anabana mwingine anahesabu. Neno "umekosea" halikutajwa na mtu. Siku alipokuja mtoto wa kweli asiyelia, mdogo, wa buluu, sikuona mtu akishika miguu. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ambu.

Kitu kimoja kilikuwa kigumu kuliko mdoli. Mdomo wake. Mnaijua lugha ya leba, msijifanye hamuijui. "Ulipokuwa unaitafuta hukulia." "Nyamaza, hujawa wa kwanza kuzaa." Na mara nyingine kofi la paja. Alikuwa nayo, yote, pamoja na huruma yake ya usiku kucha. Mtu yuleyule aliyemfungulia binti bomba la maji aliweza kumtukana mwingine saa moja baadaye. Nilikaa nalo muda. Kisha asubuhi moja tukiwa kwa mama ntilie nje ya geti, tunakunywa chai na chapati kabla ya kwenda kulala, nikamwambia kwamba dada yangu anakaribia kujifungua na amesema haji kwetu, kwa sababu shoga yake alitukanwa. Sikusema na nani. Alitafuna chapati mpaka ikaisha. Akaniambia jinsi walivyokuwa wakibaki peke yao na wodi imejaa, wengine chini kwenye mikeka, na kwamba sauti kali ndiyo iliyokuwa msaidizi wao pekee. Nilimwelewa. Pia nilimwambia kwamba sasa tuko wawili.

Hakugeuka malaika. Ila alianza kuuliza jina. "Mwanangu unaitwa nani?" akifika kitandani, kabla ya glavu. Mtu ukishamwita kwa jina lake, matusi yanakuwa mazito kidogo kutoka. Yakitoka, nilikuwa na ruhusa ya kukohoa, naye alijua kikohozi kile ni cha nini.

Yapo mengine nitayapita haraka kwa sababu mgeni rasmi ana safari. Usimgeuze rafiki yako mzee benki. Ana ada za wajukuu. Usimwachie zamu za usiku kwa kuwa hajui kukataa. Usimfundishe kompyuta mbele ya umati. Kaa naye, yeye ashike kipanya, wewe weka mikono mfukoni, hata kama anatafuta herufi ya "m" kwa dakika nzima. Na wenzako wakisema unajipendekeza, waache. Watakuja kukuuliza ulipata wapi kusikiliza moyo wa mtoto gizani.

Utafiti wa afya nchini ulionyesha vifo vya uzazi vikishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 mpaka 104 mwaka 2022. Watasimama watu kueleza: vituo vya afya vyenye upasuaji, magari ya wagonjwa, barabara, damu salama. Wote wana sehemu ya ukweli. Mimi nikitazama miaka ile naona pia orodha ya zamu, jina la mtu aliyezaliwa kabla ya Uhuru na jina la mtu aliyezaliwa baada ya Mwalimu kung'atuka, mstari mmoja, zamu moja.

Alistaafu mwaka 2019. Tulimchangia, tukakata keki, akapewa kitenge na ndoo ya ukubwa usiobebeka kwenye basi. Watu wengi urafiki wao wa kazini huishia kwenye keki. Wetu ulihamia kwenye simu, na haukuacha kuwa wa kazi, maana mtu huyu ukimuuliza tu "mama hujambo, migomba haijambo" anaona umempigia kwa kumhurumia. Nampelekea habari za leba. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu mwaka 2020, nikamwambia uchungu mkali sasa unahesabiwa kuanzia sentimita tano badala ya nne, na kwamba ule mstari wa tahadhari wa sentimita moja kwa saa, uliochorwa na watafiti Philpott na Castle kule Salisbury, Harare ya leo, mwaka 1972, hautumiki tena kama kipimo cha kila mwanamke. Alifurahi sana. Akasema wamechelewa, angewaambia siku nyingi kwamba njia haifunguki kwa ratiba.

Mwaka 2023 nikampelekea habari ambayo haikumfurahisha. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliwawekea kina mama shuka maalumu lenye vipimo linalokusanya damu baada ya kuzaa, na matibabu yote yakaanzishwa kwa pamoja mara damu inapozidi. Kutoka damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60. Akaniambia yeye damu aliijua kwa macho, hakuhitaji shuka la Wazungu. Nikamwambia utafiti baada ya utafiti unaonyesha macho yanakadiria pungufu, yetu na yake. Simu ikawa kimya nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kanga inanywa nyingi." Akaanza kunihesabia kina mama aliowakumbuka, mmoja mmoja, kwa vijiji vyao, akiniuliza kila mmoja kanga zilikuwa ngapi zingekuwa mililita ngapi. Tulizungumza mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye. Mpare akapiga yeye! Nilimwambia nitaandika kwenye gazeti.

Wiki iliyopita nilimpigia kumwambia nimealikwa kuzungumza na ninyi na kwamba nitamtaja. Akauliza nalipwa kiasi gani, maana hajawahi kusikia Mchaga aliyehutubia bure. Nikamwambia soda na nauli. Akasema maneno ni yake, kwa hiyo soda ninywe mimi, nauli nimtumie kwenye simu, na nikichelewa ananipeleka baraza la kata.

Hongereni sana wahitimu. Karibuni leba.